Somo: Unanunua nyumba Bukavu, Kongo? Anza na udongo

Hatua ya 1: Mteremko. Anayekimbilia kukuonyesha sebule na vigae, mwambie kwanza akupeleke nyuma ya nyumba. Nenda mvua ikiwa imetoka kunyesha. Angalia milango iliyogoma kufunga, nyufa zilizozibwa na kufunguka tena, miti iliyolala, na maji ya jirani wa juu yanamwagikia wapi. Kule Funu, mtaa wa komini ya Kadutu, mlima wenyewe unatembea polepole, na nyumba zinatembea nao. Hakuna fundi wa kuzuia hilo, ndiyo maana bei inavutia. Uliza pia kama kuta zina nguzo za beto (zege). Tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 lilitupima.

Hatua ya 2: Karatasi. Tangu sheria ya Kongo ya 20 Julai 1973, udongo ni wa Serikali. Wewe unanunua nyumba na haki ya kukaa juu yake. Haki hiyo inathibitishwa na setifika, yaani hati ya usajili ya konservateri (afisa wa Serikali anayesajili hati za ardhi na nyumba), si fishi ya parseli (karatasi ya kiwanja tu). Peleka namba yake kwa konservateri wewe mwenyewe: jina ni la nani, kuna ipoteke (rehani)? Usimtume komisioneri (dalali), yeye analipwa ukinunua.

Hatua ya 3: Saini. Bwana na bibi, wote wawili. Kama ni urithi, warithi wote.

Hatua ya 4: Njia, maji, umeme. Waulize majirani, si muuzaji. Gari lisipofika, kila mfuko wa simenti utapanda mgongoni mwa mtu, na utamlipa.

Rangi na madirisha sitayasemea.

Maswali

*Yaya, moja ina setifika lakini iko mdomoni mwa ravini (korongo). Nyingine iko imara, ina fishi tu. Nichukue ipi?*
Ya pili mama, ikiwa konservateri hajaona mwingine anayeidai. Ila pesa nyingi zibaki kwako mpaka setifika itoke kwa jina lako. Muuzaji akikataa, acha zote mbili.

*Nikishapata setifika, mtu anaweza bado kunishtaki?*
Miaka 2 ya kwanza, kaa macho. Ikipita, sheria inailinda sana. Mwenye madai kwa kawaida hubaki kudai fidia ya pesa, si nyumba.

*Komisioneri anadai pesa ya kutembeza.*
Mpe hiyo, ni desturi. Asilimia yake ingoje siku ya kusaini, muuzaji akiwepo.