Shikamoo ya Mlinzi: mambo ya kuweka sawa kabla ya kujitegemea ukiwa umevuka arobaini

Nilikuwa na miaka 43 siku mlinzi wa hoteli moja upande wa Njiro aliponifungulia mlango na kuniambia, "Shikamoo mama." Miaka yote ya nyuma walinzi wa aina yake walinisimamisha pale pale: unaenda chumba namba ngapi, mwenyeji wako nani, na kabla sijajibu mkono umeshanyooshwa kuomba ya soda. Huyu kijana hakuuliza kitu. Nilipanda ngazi nimenuna, maana nani anataka kuitwa mama saa tatu usiku akiwa juu ya viatu vya kisigino? Nilipofika ghorofa ya pili nilikuwa nimeshaanza kupiga hesabu. Kama umri wangu unafungua bure mlango ambao ujana wangu ulikuwa unaulipia, basi yule wakala anayenitafutia wateja na kula nusu ya kila ninachopata kwa sababu ana "njia" za hotelini, ananiuzia nini hasa?

Naandika kwa wenzangu wa Arusha na Moshi walioko kwenye biashara hii ya kuuza mwili siku nyingi, wenye miaka arobaini na kitu, wanaotaka kutoka chini ya wakala na kusimama wenyewe, kimya kimya, na wateja wachache wanaowafahamu. Simvuti mtu aingie. Binti wa miaka 22 anayedhani hapa kuna njia ya mkato, aishie hapa. Na kama unayo namna ya kuacha kabisa mwaka huu, acha. Mengine haya ni ya yule ambaye namna bado hajaipata.

Kipimo changu ni kimoja. Unaweza kumkataa mteja leo na kesho watoto wakapata chakula? Kama huwezi, hujajitegemea bado. Umebadilisha bosi tu, na bosi mpya ni njaa, ambaye hana hata simu ya kumpigia ukipatwa na matatizo.

Kwa hiyo anza na fedha, kabla hujamwambia wakala neno lolote. Chukua daftari, uandike matumizi ya mwezi mmoja bila kujidanganya: chakula, gesi, umeme wa luku, ada, nauli, ya mama kijijini, ya msiba (msiba haukosekani). Zidisha kwa tatu, weka pembeni. Kodi ya nyumba ihesabu peke yake, kwa kuwa wenye nyumba wetu wanataka miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na hiyo ndiyo inayowarudisha wengi kwa wakala wakiwa wameinamisha kichwa. Mimi nilijaribu mara ya kwanza nikiwa na akiba ya wiki tano. Mwenye nyumba alipobisha hodi, nilimpokea mteja ambaye moyo wangu ulikuwa umeshamkataa kwenye simu. Kilichonikuta usiku ule sitakieleza hapa, ila kesho yake nilirudi kwa wakala, naye akapandisha cha juu chake kunikomoa.

Kisha kuna msimu. Anayekaa mji huu anajua: watalii wanajaa Juni hadi Oktoba, wanarudi tena Desemba hadi Februari, halafu masika inashuka, kambi zinafungwa, na madereva wa magari ya watalii wanakaa vijiweni wakicheza bao. Hata kama wateja wako si Wazungu, fedha ya mji mzima inanyauka pamoja nao. Mikutano ya kimataifa kwenye kumbi za AICC huziba pengo, lakini kwa wiki, si kwa miezi. Siku hizi nasikia kila mtu anaitaja AFCON ya 2027 na uwanja mpya wa Arusha kama vile mvua ya fedha imeshapangiwa tarehe. Mashindano ni wiki chache. Usikodi nyumba kubwa kwa ajili ya wiki chache.

Kikoba ni kizuri kwa kuweka, kibaya kwa kuanzia. Mkopo wa kikoba una tarehe, na tarehe ndiyo inayokulazimisha kusema ndiyo. Halafu kuna hesabu ambayo wengi wetu hatuifanyi kwa sababu inatisha: pensheni ya uzee ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, hudai michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Ukianza kuchangia leo una miaka 45, unafika 60 ukiwa umekamilisha. Ukianza ukiwa na 50, piga mwenyewe. Aliyejiajiri anaruhusiwa kujiunga kwa hiari, na dirishani hakuna atakayekuuliza habari za vyumba vya hoteli ukiwa na shughuli nyingine ya kuandika kwenye fomu.

Nayo hiyo shughuli nyingine iwe ya kweli. Rafiki yangu wa Moshi ana meza ya mitumba Mbuyuni. Anafungua robota mwenyewe, anajua blauzi ipi itaondoka na ipi itakaa mpaka Krismasi. Amesajili jina la biashara BRELA na ana namba ya mlipakodi. Mauzo yake ya mwaka yalipokuwa hayajavuka milioni 4 hakudaiwa kodi ya mapato. Yalipovuka akaanza kulipa, na analalamika kama mfanyabiashara mwingine yeyote. Ile meza ndiyo inayomwezesha kuzima simu Jumatano nzima akitaka.

Sheria. Kujitegemea hakukutoi mikononi mwake, na asikudanganye mtu kwamba inamhusu anayesimama barabarani tu. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamgusa anayetafuta wateja hadharani, inamgusa anayeishi kwa mapato ya mwingine, na inamgusa anayeendesha danguro. Maana yake ni hii: mkikodi chumba wawili au watatu ili mgawane gharama, mnaweza kusomeka kama danguro. Yule bwana asiye na kazi anayekusindikiza na kukuwekea fedha anaweza kusomeka kama anayeishi kwa mapato yako. Picha za utupu zilizosambazwa kwenye simu zinaangukia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Tangu 2017 kuna sheria ya msaada wa kisheria, na wasaidizi wa kisheria wanapatikana kwenye halmashauri bila malipo. Mtafute mmoja mapema, ukiwa huna shida, umpime kama anasikiliza au anahubiri.

Hapo kwenye sheria kuna jambo linalowakuta hasa wenye umri wetu. Siku utakayosema unaacha wakala, kuna mtu atakuja na sura ya huruma akuambie: dada, wewe sasa ni mkubwa, mbona usitulie, utuletee wadogo, ukae unapokea asilimia? Wanaiita kupanda cheo. Huo ni ukuwadi, na binti akiwa chini ya miaka 18 ni unyanyasaji wa mtoto, na ukimtoa kijijini kumleta mjini kwa kazi hiyo unaingia kwenye sheria ya usafirishaji haramu wa binadamu ya 2008. Lakini hata sheria zisingekuwepo: unamfahamu yule aliyekuleta wewe. Unakumbuka alivyokuwa anacheka. Kataa siku hiyo hiyo, kwa sauti, wala usiseme utafikiria.

Simu na jina ni somo refu kuliko watu wanavyodhani. Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, kwa hiyo mteja akikutumia fedha kwa simu, majina yako yanamtokea kama yalivyo kwenye kitambulisho. Umejiita Neema mwaka mzima, yeye anasoma jina la ubatizo na la ukoo wenu wa Machame. Kutumia laini iliyosajiliwa kwa mtu mwingine ni kosa, usijaribu. Kwa mteja usiyemfahamu, pokea taslimu, mwanzoni, na zihesabu mbele yake. Aliyekuzoea na mnayeaminiana, hilo ni uamuzi wako, ukijua unampa nini.

Weka simu mbili, siyo laini mbili ndani ya simu moja. Hili nimelilipia aibu. Nilikuwa na simu moja, na jioni moja nikaandika "Nimefika, nipo mapokezi, nimevaa nyekundu," nikaituma kwa mwenyekiti wa jumuiya yetu. Alijibu baada ya dakika tano: "Karibu dada, ila sala ni kesho." Mpaka leo sijui kama alielewa. Kwenye simu ya kazi usiwe na namba ya ndugu hata mmoja, zima mahali ulipo, na picha unayoweka isionyeshe dirisha la nyumbani wala sare ya shule ya mtoto nyuma yako. Picha yenye gauni la heshima na uso uliogeuka kidogo inatosha kabisa kwa mteja tunayemtaka. Anayedai zaidi kabla ya kukutana anakusanya kitu cha kukutishia nacho baadaye.

Kuhusu umri wenyewe, sema ukweli. Nimeona mtu wa 46 anajiandika 32, anafika, na mteja anamtazama kama amepewa chenji pungufu. Mteja wetu ni mwingine. Ni yule wa mkutano aliyechoka, mjane, mfanyabiashara anayetaka mtu wa kula naye chakula cha jioni asiyechezea simu, anayejua lini kuongea na lini kunyamaza. Huyo akiambiwa "nina miaka 44" anashusha pumzi. Ndiyo maana bei usiishushe kwa sababu ya miaka. Mapatano yote, muda, mahali, kinachowezekana na kisichowezekana, yaishe kabla hujatoka nyumbani. Anayebadilisha maneno mkiwa chumbani amevunja mapatano, na wewe nauli ya kurudi unayo mfukoni, siyo kwake.

Mwili nao umebadilika, na kliniki za vijana hazituambii. Ukikaribia kukoma hedhi ukavu unaongezeka, ngozi inachubuka kwa urahisi, na mchubuko ni mlango wa maambukizi. Tumia kilainishi cha maji. Vaselini na mafuta ya nazi yanaharibu kondomu ya mpira, hata kama shoga yako anaapa kwa jina la bibi yake. Mimba bado inawezekana mpaka ipite angalau miezi 12 mfululizo bila hedhi. Dawa kinga ya VVU ipo, uliza kituo cha afya. Kondomu ikipasuka, ile dawa ya dharura ya kuzuia VVU inatakiwa ianze ndani ya saa 72 na inamezwa siku 28, kwa hiyo usisubiri Jumatatu. Homa ya ini B ina chanjo, dozi tatu. Chanjo ya HPV ilianza kutolewa kwa wasichana nchini mwaka 2018, sisi ilishatupita, hivyo kilichobaki kwetu ni kupima saratani ya mlango wa kizazi. Muuguzi anapaka majimaji yanayonuka kama siki, anasubiri kidogo, anatazama kama pamegeuka peupe. Nilikuwa nimeogopa miaka minne kitu kilichochukua muda mfupi kuliko kusuka mstari mmoja wa nywele. Mwenye VVU arudie kipimo hicho mara nyingi zaidi kuliko wengine. Na presha pimeni, jamani.

Usalama ulikuwa ndiyo hoja kubwa ya wakala: bila mimi utakufa. Fanya hivi. Mteja mpya akikutajia hoteli, usipige namba aliyokupa. Tafuta namba ya mapokezi mwenyewe, uombe uunganishwe na chumba chake kwa jina alilokutajia. Jina lisipokuwepo, umeshajibiwa. Awe yupo mtu mmoja anayejua uko wapi na unatoka saa ngapi. Wa kwangu ni mama muuza vitumbua wa Kijenge, ambaye hajawahi kuniuliza swali hata moja. Nikimpigia na kumuuliza "umezima gesi?" yeye anaanza kupiga kelele kwamba mtoto ameungua nirudi haraka, kwa sauti ambayo mtu aliye karibu nami lazima aisikie. Tumeitumia mara mbili. Bodaboda awe mmoja unayemfahamu, anayesubiri nje, siyo wa kuokota. Pombe yako imiminwe ukiona. Ukiumizwa, wahi hospitali, usioge kwanza wala usifue nguo, halafu Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Unaripoti kuumizwa, na aliyekuumiza ndiye mwenye kesi ya kujibu.

Mtoto mkubwa ukiwa naye, amua mapema utamwambia nini, kwa kuwa atauliza. Mimi nilimwambia wa kwangu akiwa na miaka 19, kwa sentensi mbili, tukiwa tunachambua mchele. Aliendelea kuchambua.

Kuhusu kumwaga wakala, usigombane. Lipa unachodaiwa, chukua vitu vyako mchana, usibebe orodha yake ya wateja, watakaokutaka watakutafuta. Wala usiondoke Aprili. Nilipojaribu mara ya pili nilisubiri mpaka wiki ya kwanza ya Juni. Nilikuwa na miezi mitatu ndani ya bahasha, wateja watatu, na simu mbili. Ile ya jumuiya niliiacha nyumbani kwenye chaji.