Umeletewa barua eti umeiba jina la biashara? Fanya hivi kabla hujabandua lebo

Mimi nilikuwa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, nafungasha dagaa nikaletewa barua ya wakili, ina muhuri mwekundu, niache jina langu ndani ya siku 7 na nilipe fidia, mikono ikanitetemeka nikaanza kubandua lebo palepale, pakiti kama mia mbili nikazichana kwa woga. Baadae ndo nagundua aliyenitisha hajasajili alama yoyote ya biashara, yaani jina au logo inayosajiliwa kwa bidhaa fulani. Iliniuma sana, ndo maana naandika.

Kwanza kabisa, barua ya wakili sio hukumu. Usisaini, usilipe, usianze kubishana kwa simu, ila usiitupe. Andika tarehe uliyoipokea, ipige picha, halafu tafuta humo ndani namba ya usajili wa alama na klasi yake, yaani kundi la bidhaa au huduma. Hakuna? Waandikie waitaje. Ikiwepo, nenda BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, uombe kuhakikishiwa ni ya nani na ni ya bidhaa gani, maana klasi ziko 45, dagaa wakavu wako 29, unga na viungo 30, saluni 44, sasa mwenye saluni hawezi tu kuamka akufukuze kwenye dagaa. Na cheti cha jina la biashara sio alama ya biashara, hapa wengi tunapigwa! Usajili wa Kenya au Uganda nao peke yake sio usajili wa huku Tanzania Bara, hata Zanzibar wana wa kwao. Maneno kama "Dagaa wa Mwanza" yanaeleza tu bidhaa na inakotoka, mtu kuyafanya yake peke yake ni ngumu.

Kama hakuna aliyesajili, omba wewe, usichelewe. Unafungua akaunti kwenye mfumo wa BRELA kwa namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), unachagua alama za biashara na huduma, unaweka logo na orodha ya bidhaa, unalipia kwa namba ya malipo utakayopewa. Wakiikubali inatangazwa kwenye jarida lao, na mtu ana siku 60 za kupinga, kwahiyo fuatilia akaunti yako, akipinga na wewe ukakaa kimya ombi linahesabika umeliacha. Cheti cha kwanza ni miaka 7, ukihuisha unapata 10 kila mara.

Ikitokea kweli anayo alama na bidhaa ni zilezile, ongea nae kwa maandishi, omba muda umalize vifungashio ulivyonavyo. Ila kama wewe ulitangulia kulitumia jina, kusanya risiti za zamani, picha zenye tarehe, oda za wateja, mpelekee wakili. Hela ya wakili huna? Muone afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri akuelekeze kwa watoa msaada wa kisheria, sheria yake ipo tangu 2017.

Ukiletewa samansi, yaani wito wa mahakama, hiyo ni habari nyingine, nenda kwa mwanasheria siku hiyohiyo, usipotokea kesi inaweza kusikilizwa upande mmoja.