Kusanidi Swichi ya Cisco Catalyst 2960 na Kutafuta Hitilafu Zake

Swichi mpya ya Catalyst 2960 ukiitoa kwenye boksi, ukaichomeka kwenye umeme na kuunganisha kompyuta, hufanya kazi papo hapo bila amri hata moja, kwa sababu poti zake zote zimewekwa katika VLAN 1 (VLAN ni mtandao uliotenganishwa na mingine ndani ya swichi ileile) na ziko wazi. Urahisi huo ndio unaofanya ofisi nyingi ziiache kama ilivyo, na matokeo yake kompyuta ya mhasibu, kamera za ulinzi na simu ya mgeni vyote hukaa katika mtandao mmoja. Mwongozo huu unachukua mfano wa ofisi ya ghorofa mbili yenye swichi moja kila ghorofa, kila moja ikiwa na poti 24 za megabiti 100 na poti 2 za gigabiti.

Anza kwa konsoli. Chomeka kebo ya konsoli kwenye poti iliyoandikwa CONSOLE, fungua programu ya PuTTY, chagua Serial, kisha weka kasi ya 9600, biti 8 za data, biti 1 ya kusimama, bila pariti na bila udhibiti wa mtiririko. Ukiona herufi zisizosomeka kwenye skrini, angalia kasi kwanza.

Ikiwa swichi imewahi kutumika mahali pengine, ifute kabisa kabla ya kuigusisha na mtandao wako:

enable
write erase
delete flash:vlan.dat
reload

Mafundi wengi huisahau amri ya tatu. Orodha ya VLAN huhifadhiwa katika faili la vlan.dat, ambalo amri ya write erase hailigusi. Swichi kuukuu yenye faili hilo, ikiwa na jina la eneo la VTP (itifaki ya Cisco ya kusambaza orodha ya VLAN kati ya swichi) linalofanana na lako na namba ya marekebisho iliyo kubwa zaidi, inaweza kuzifutia VLAN swichi zako zote mara tu inapounganishwa. Kwa mtandao mdogo sioni faida ya VTP inayolingana na hatari hiyo, kwa hiyo mfano huu unaiweka katika hali ya transparent, ambayo swichi haifuati orodha ya swichi nyingine.

Swichi ikishawaka upya, kataa mazungumzo ya usanidi wa mwanzo kwa kuandika no, kisha ingiza yafuatayo:

enable
configure terminal
hostname SW-CHINI
vtp mode transparent
vlan 10
name WAFANYAKAZI
vlan 20
name UHASIBU
vlan 30
name WAGENI
vlan 99
name USIMAMIZI
exit
interface vlan 99
ip address 192.168.99.2 255.255.255.0
no shutdown
exit
ip default-gateway 192.168.99.1

Usishtuke ukiona anwani hiyo haijibu kwa sasa, kwani VLAN 99 haiamki mpaka kuwe na angalau poti moja iliyo hai inayoibeba. Baada ya hapo fungua njia ya SSH, yaani ya kuingia kwenye swichi kupitia mtandao kwa mawasiliano yaliyosimbwa, na ufunge ile ya Telnet, ambayo hupitisha nenosiri likiwa wazi kwa yeyote anayenasa mawasiliano. Jina la swichi na jina la kikoa lazima yawekwe kabla ya kutengeneza ufunguo, la sivyo swichi itakataa:

ip domain-name ofisi.local
username fundi secret NENOSIRI-LAKO
enable secret NENOSIRI-LINGINE
crypto key generate rsa modulus 2048
ip ssh version 2
line vty 0 15
login local
transport input ssh
exit

Sasa poti zenyewe. Poti za wafanyakazi hupangwa kwa pamoja, na poti ya gigabiti inayopanda ghorofa ya juu hufanywa tranki, yaani kiungo kinachobeba VLAN nyingi kwa kuweka lebo ya 802.1Q kwenye kila fremu (kifurushi cha data cha Ethernet):

interface range fastEthernet 0/1 - 12
switchport mode access
switchport access vlan 10
spanning-tree portfast
spanning-tree bpduguard enable
interface gigabitEthernet 0/1
switchport mode trunk
switchport trunk allowed vlan 10,20,30,99

Poti za uhasibu na za wageni zinafuata mtindo uleule kwa namba zao za VLAN. Siku ukihitaji kuongeza VLAN 40 kwenye tranki, andika switchport trunk allowed vlan add 40. Ukiliacha neno add, swichi itaelewa kwamba unataka VLAN 40 peke yake, na ghorofa nzima itakatika saa hiyohiyo, pamoja na SSH yako. Kwa sababu hiyo, kabla ya kugusa tranki ukiwa mbali, hifadhi usanidi uliopo kisha andika reload in 10. Ukijifungia nje, swichi itajiwasha upya baada ya dakika 10 na kurudi kwenye usanidi uliohifadhiwa. Mambo yakienda sawa, futa agizo hilo kwa reload cancel.

Kuhifadhi ni copy running-config startup-config. Usanidi unaotumika hukaa kwenye kumbukumbu ya muda tu, hivyo umeme ukikatika kabla hujahifadhi, kazi yote imepotea.

Jambo linalostahili uangalifu kuliko yote ni mzunguko, yaani fremu kupata njia mbili kati ya swichi zilezile. Fremu ya Ethernet haina kihesabu cha kuiua kama kilichomo katika pakiti ya IP, kwa hiyo tangazo moja la kwenda kwa wote likiingia kwenye mzunguko huzunguka bila kikomo na kuzidishwa kila linapopita, mpaka mtandao unazimia. Itifaki ya Spanning Tree, iliyobuniwa na Radia Perlman mwaka 1985 alipokuwa Digital Equipment Corporation, huzuia hali hiyo kwa kuchagua swichi moja kuwa mzizi na kufunga njia za ziada. Usiiachie ichague yenyewe: swichi yenye namba ndogo ya kipaumbele ndiyo inayoshinda, kipaumbele cha kawaida ni 32768 kwa kila swichi, na vinapolingana, anwani ndogo zaidi ya MAC (anwani ya kiwandani ya kifaa) ndiyo inayoshinda, ambayo mara nyingi ni ya swichi kuukuu kuliko zote. Kwenye swichi unayoitaka iwe mzizi andika spanning-tree vlan 10,20,30,99 priority 4096, kisha hakiki kwa show spanning-tree root.

Ukikuta taa za poti zote zikimetameta kwa kasi bila kupumzika na mtandao umekwama, chomoa viungo vya kati ya swichi kimoja baada ya kingine mpaka utulivu urudi. Chanzo kiko upande wa kiungo ulichochomoa mwisho. Aghalabu utakuta mtu amechomeka ncha zote mbili za kebo moja kwenye swichi ndogo ya mezani.

Kwa malalamiko mengine, anza na show interfaces status. Neno notconnect linakupeleka kwenye kebo. Isizidi mita 100, na ikiwa ni ya bei ya chini kupita kiasi, kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe wa fedha chini ya wekundu wa shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, na haifai hasa pale inapobeba umeme wa PoE, yaani umeme unaopelekwa kwa kifaa kupitia kebo ya mtandao.

Hitilafu inayosumbua watu kwa muda mrefu zaidi ni dupleksi zisizolingana (dupleksi kamili ni kutuma na kupokea kwa wakati mmoja, nusu dupleksi ni kwa zamu). Ping inajibu vizuri, lakini kunakili faili kunakwenda pole kupita maelezo. Hutokea pale upande mmoja ulipolazimishwa kuwa megabiti 100 na dupleksi kamili huku wa pili ukibaki auto: upande wa auto unaweza kuitambua kasi ila si dupleksi, hivyo huangukia nusu dupleksi. Andika clear counters, acha watu wafanye kazi kwa muda, kisha soma show interfaces ya poti hiyo. Late collisions (migongano iliyochelewa) zikipanda upande mmoja na CRC (fremu zilizoharibika) upande wa pili, umeipata. Weka pande zote mbili auto.

Poti yenye neno err-disabled imezimwa na swichi yenyewe, na show interfaces status err-disabled itakuambia sababu. Ondoa sababu kwanza, kisha ingia kwenye poti na uandike shutdown ikifuatiwa na no shutdown. Ipo amri ya errdisable recovery inayoifungua yenyewe kila baada ya sekunde 300, lakini kwa poti iliyofungwa na bpduguard (ulinzi unaoizima poti inapopokea ujumbe wa Spanning Tree) sishauri kuitumia, kwa kuwa itafungua tena mlango ule ule wa mzunguko kabla ya mtu kwenda kuiona kebo.