Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuunda Kamera ya Kuangalia Zizi Usiku

Mfugaji mwenye ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa anaujua uchovu wa kusubiri uzazi: anaamka, anawasha tochi, anatoka nje, anamkuta mnyama amelala anacheua, anarudi kitandani, na baada ya saa moja anaanza tena. Kisanduku cha kamera kinachotuma picha bila waya kutoka zizini hadi kwenye skrini ya kubebeka kinaweza kumpunguzia safari hizo, na mtu mwenye subira anaweza kukiunda kwa Raspberry Pi Zero 2 W, kompyuta ya bodi moja iliyotoka mwaka 2021, yenye urefu wa milimita 65 na upana wa milimita 30. Nasisitiza, hata hivyo, kwamba kazi hii huharibika kabla skrubu ya kwanza haijafungwa, na mara nyingi chanzo ni umeme.

Bodi hiyo hutumia volti 5, na chaja inayopendekezwa ni ya ampea 2.5. Bodi nyingi kubwa za jamii hii zina kigunduzi kinachoonya volti zikishuka chini ya 4.63, lakini Zero hazina, kwa hiyo umeme ukipungua bodi hujizima au kujiwasha upya bila kueleza sababu. Mimi mwenyewe nilipoteza siku tatu nikifuta na kuweka upya programu, kumbe kosa lilikuwa la waya mwembamba wa chaji wa mita tatu; nilipoweka waya mfupi na mnene, picha ilitulia usiku kucha. Ukinunua pawabenki, kumbuka kwamba 10,000 mAh zilizoandikwa juu yake hupimwa kwa volti 3.7 za betri ya ndani, yaani wati-saa 37, na baada ya kupandishwa hadi volti 5 ni busara kuhesabu 30 tu. Kamera na taa zake zikila wati 3, hapo una saa 10, ambazo zinatosha usiku mmoja. Jaribu pia kuchomoa chaja kwenye pawabenki huku bodi inafanya kazi: zipo ambazo hukata umeme kwa sekunde moja wakati huo, na sekunde hiyo inatosha kuizima kamera siku umeme wa nyumbani unapokatika.

Jambo la pili ni njia ya mawimbi. Zero 2 W hutumia Wi-Fi ya gigahezi 2.4 pekee, ambayo hupita ukuta wa mbao au wa tofali bila shida kubwa, lakini bati huirudisha. Kwa hiyo, kabla ya kuchagua mahali pa kamera, simama hapo ukiwa na simu iliyounganishwa na mtandao utakaoutumia, funga mlango wa zizi, kisha uangalie kama video inacheza bila kukwama. Kisanduku chenyewe kiwe cha plastiki, kwa sababu antena imo ndani ya bodi. Usisahau kuweka msimbo wa nchi, TZ au KE kwa mfano, kwani bila huo Wi-Fi ya bodi hubaki imefungwa. Pasipo ruta, bodi inaweza kurusha mtandao wake yenyewe na skrini ikajiunga nao moja kwa moja.

Kuhusu kamera, chagua toleo lisilo na kichujio cha infraredi (mwanga usioonekana kwa macho), kwa kuwa ndilo linaloona chini ya taa zisizomsumbua mnyama. Mchana majani yataonekana ya rangi ya ajabu, na hilo si hitilafu. Hakikisha umenunua utepe, yaani waya bapa wa kuunganisha kamera na bodi, unaofaa Zero, maana tundu lake ni jembamba kuliko la kamera. Unapoufungua mdomo wa tundu hilo, kisukume kibanio cheusi kwa kucha, pande zote mbili kwa pamoja, kisogee kama milimita moja tu. Ukikivuta kwa nguvu kitavunjika, na tundu hilo halina kipuri. Camera Module 3, kamera ya Raspberry Pi, hujitafutia fokasi, lakini gizani huhangaika mbele na nyuma, hivyo ifunge fokasi hiyo kwenye programu: umbali wa mita 3 huandikwa 0.33, yaani moja gawanya kwa umbali.

Skrini ya Raspberry Pi ya inchi 7 ya mwaka 2015 ina nukta 800 kwa 480, kwa hiyo kutuma picha kubwa zaidi ni kuulemea mtandao bure. Skrini hiyo huhitaji bodi yake ya kupokea picha, yenye tundu la DSI (la utepe wa skrini), ambalo Zero haina; badala yake, simu ya zamani pia inafaa.

Weka nenosiri lako mwenyewe. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka maelfu ya kamera zilizoachwa na nenosiri la kiwandani. Elekeza lenzi zizini, isifike uani kwa jirani.

Ng'ombe hubeba mimba siku zipatazo 283, basi mfumo wote uwe umewashwa usiku kucha angalau wiki mbili kabla ya tarehe hiyo, na kila asubuhi uifute lenzi umande na utando wa buibui, kwani buibui huelekea kwenye taa kwa kufuata wadudu, na utando wao huifanya picha nzima kuwa nyeupe.