Kabla ya Kung'oa Choo cha Zamani: Mambo ya Kuzingatia

Kazi ya kubadilisha choo cha kukaa mara nyingi huharibikia dukani, kabla spana haijagusa nati. Choo kimenunuliwa kwa kupendeza macho, kinafika nyumbani, ndipo tangi linagonga ukuta au mdomo wa kutolea uchafu unaelekea pasipo na bomba. Shika futi kabla ya kushika pochi.

Tazama kwanza uchafu unatokea wapi. Kuna vyoo vinavyoshusha uchafu moja kwa moja sakafuni, na kuna vinavyoutoa kwa nyuma kwenye bomba la ukutani. Kuhama kutoka aina moja kwenda nyingine kwa kawaida ni kuvunja sakafu au ukuta. Kwa choo cha kushusha chini, pima kutoka ukutani hadi katikati ya bomba. Milimita 305, yaani inchi 12, ni kipimo kinachokutwa sana. Kama choo cha zamani bado kimekaa juu ya bomba, pima hadi kwenye bolti zinazokishikilia sakafuni, na zikiwa nne tumia zile mbili za nyuma.

Kipimo hicho huanzia kwenye uso wa ukuta uliokwisha kuwekwa vigae, si kwenye plasta tupu. Kigae cha milimita 8 na gundi ya milimita 5 hula milimita 13. Ulipima 305 kwenye plasta, sasa zimebaki 292, na choo cha 305 hakiingii tena. Hesabu ni ya kutoa tu, lakini asiyeifanya mapema atabandua vigae vipya.

Sakafu nayo ina hesabu yake. Kwa choo cha kutoa uchafu nyuma, pima kimo cha katikati ya bomba kutoka kwenye sakafu iliyokamilika. Vyoo vingi vya aina hii vimetengenezwa kwa kimo cha karibu milimita 180. Ukiongeza vigae juu ya sakafu ya zamani, choo kinapanda na bomba linabaki palepale. Tofauti ndogo humezwa na kiungo cha mpira kilichopinda. Kubwa inataka bomba lisogezwe. Kwa choo cha kushusha chini, flenji, ile pete ngumu inayoshika bolti kwenye mdomo wa bomba, inatakiwa ikae juu ya kigae na kufungwa imara sakafuni. Ikizama chini ya vigae, pete ya nta, ile laini inayoziba mwanya kati ya choo na flenji, haibanwi vizuri, maji yanapenya kidogo kidogo chini ya choo, na utagundua baada ya miezi sakafu ikianza kunuka. Dawa yake ni kuinua flenji kwa pete za nyongeza. Kubebanisha nta mbili hatukupendekezi, kwa sababu zinateleza choo kikitikisika.

Pima pia nafasi ya mtu. Kutoka katikati ya choo hadi ukuta wa pembeni acha angalau sentimita 38, na mbele yake angalau 55. Kisha fungua mlango uone kama hautagonga bakuli jipya.

Siku chache kabla ya kazi, funga koki ndogo ya choo na uvute maji. Tangi likijaa tena, hata polepole, koki hiyo imechoka. Inunuliwe mpya, na ujue koki kuu ya nyumba iko wapi. Mpira wa kuleta maji usirudishe wa zamani. Pima ncha zake zote mbili, kwani upande wa ukuta na upande wa tangi huweza kutofautiana.

Kama choo ni kimoja nyumbani, panga siku. Gundi ya vigae huhitaji takribani saa 24 kabla ya kukanyagwa, saruji ya kujazia mianya siku nyingine, silikoni nayo saa 24. Familia itakaa siku tatu hadi nne bila choo hicho, kwa hiyo mahali pa kujisaidia patafutwe kabla.

Siku ya kung'oa, uwe na ndoo, sponji la kukausha maji yanayobaki kwenye bakuli, kisu cha kukatia silikoni, msumeno wa chuma kwa bolti zilizoshika kutu, glavu nene na miwani. Choo kilichojengewa kwa saruji kwa kawaida hutoka vipande, na vipande hivyo hukata kama kioo. Bakuli ni zito, muwe wawili. Mara bomba linapobaki wazi, lizibe kwa kitambaa kikubwa kilichofungwa kamba, na kamba ibaki nje. Kinazuia gesi ya maji taka, na zaidi kinazuia saruji ya fundi wa vigae isidondoke na kugandia ndani ya bomba.

Nunua pete mbili za nta, moja iwe ya akiba, maana iliyokwisha kubanwa hairudi tena choo kikiinuliwa. Kiungo cha mpira kipake sabuni ya maji kiteleze. Mafuta huharibu mpira. Ukitoboa kigae, zima kwanza mtindo wa kugonga wa drili. Kalisha choo kwanza bila nta, weka pima maji juu ya bakuli, na kikiyumba kiwekee vipande vya plastiki chini. Usikinyooshe kwa kukaza bolti. Nati zikazwe kwa zamu, ya kulia nusu mzunguko, kisha ya kushoto nusu mzunguko, zikigoma uache. Ukiongeza nguvu, bakuli linapasuka.

Vuta maji mara tano au sita huku ukigusisha karatasi kavu ya chooni kwenye kila kiungo. Ikibaki kavu, zungushia silikoni, ila nyuma acha pengo la sentimita chache, ili maji yakivuja siku moja yatokee hapo uyaone.