Namna ya Kuanza Kujifunza Kiesperanto kwa Mzungumzaji wa Kiswahili

Kiesperanto, lugha ya kubuniwa, kilitangazwa Warsaw mwaka 1887 na L. L. Zamenhof, daktari wa macho mzaliwa wa Białystok, mji ambamo Wayahudi, Wapolandi, Warusi na Wajerumani waliishi jirani bila kuelewana. Hakukusudia kuua lugha ya mtu yeyote, bali kuwapa watu wote lugha ya pili, na kwa ajili hiyo aliipa sarufi nyepesi.

Anza na matamshi. Irabu ni tano zilezile za Kiswahili, na mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho kama kwetu, kwa hiyo unaweza kusoma kwa sauti mapema sana, mradi ukumbuke kwamba j husomwa y, c husomwa ts, ĉ ni ch na ŝ ni sh.

Kisha shika miisho kabla ya kukusanya msamiati. Nomino huishia na -o, kivumishi na -a, na wingi huongezewa -j: bona libro ni kitabu kizuri, bonaj libroj ni vitabu vizuri, upatanisho usiomshangaza mtu aliyelelewa na ngeli. Wakati huonyeshwa mwishoni mwa kitenzi: mi legas, ninasoma, mi legis, nilisoma, mi legos, nitasoma.

Penye kuhitaji subira ni -n ya yambwa, yaani ya anayetendwa. La kato vidas la hundon na la hundon vidas la kato zote zina maana moja, paka anamwona mbwa, kwa kuwa -n ndiyo inayomtaja anayeonwa. Tunga sentensi fupi kila siku, uzigeuze mpangilio, mpaka -n ije yenyewe.

Mizizi mingi imetoka Ulaya, na hiyo ni dosari ya kweli kwa lugha inayotaka kuwa ya wote. Hata hivyo viambishi hupunguza mzigo: kutoka lerni, kujifunza, hupatikana lernejo, shule, na lernanto, mwanafunzi, mal- hugeuza bona, -zuri, kuwa malbona, -baya.

Mwishowe tafuta wazungumzaji. Kongamano lao la kwanza la dunia lilifanyika Boulogne-sur-Mer, Ufaransa, mwaka 1905. La mwaka 2024 lilifanyika Arusha, la kwanza barani Afrika. Anayesafiri na atumie Pasporta Servo, orodha ya wenyeji wanaowapokea wazungumzaji nyumbani mwao bila malipo.