SOMO: Kurusha chupa baa kwa anaeanza, bila kuumia

Mambo vipi jamani, wengi mnaniuliza vipi naanza kurusha chupa kama wale mabaamedi wa mahoteli ya Nungwi, haya leo naandika.

Kwanza chupa yenyewe. Usianze na ya kioo, ipo ya plastiki ngumu ya mazoezi, umbo na ukubwa ule ule wa chupa ya ml 750. Ukikosa chukua ya kioo tupu uizungushie solotepu pana kuanzia shingoni mpaka kitakoni, ikipasuka vigae havitawanyiki. Tia maji kidogo tu, ml 30 mpaka 60, ikijaa nzito na inakumwagia. Fanyia juu ya godoro au mchangani, na viatu uvae. Mie nilijifunzia Paje maji yakishakupwa, kina mama wanatoka kwenye mwani wananipita wanacheka mpaka wanakaa chini.

Hatua ya 1: shika shingo, kitako kipande mbele yako, kizunguke duara moja shingo irudi mkononi. Kiwiko tulivu, nguvu inatoka kwenye kifundo cha mkono. Isipande kupita macho, na utizame shingo ya chupa sio mkono wako, hapa ndo wengi wanakosea. Mara 100 kulia, mara 100 kushoto, ukichoka pumzika.

Hatua ya 2: chupa isimame juu ya mgongo wa kiganja. Siri ni kuushusha mkono pamoja na chupa inapokuja, kama unapokea yai, ukiukaza mkono inadunda inaondoka.

Hatua ya 3: sheka ya bati, lile kopo la kuchanganyia vinywaji, izungushe peke yake kwanza, ukishaizoea ndo uidakie chupa ndani yake.

Kumimina nako ni kazi, usije ukarusha vizuri halafu kinywaji kibovu. Kwa mdomo wa kumiminia wa kawaida, ule unaochomekwa kwenye shingo ya chupa, ukihesabu moja mpaka nne taratibu unapata kama ml 60, lakini midomo haifanani, pima kwa maji na kipimo kabla ya zamu.

Na barafu jamani! Hoteli moja niliyokuwa nafanya kazi, msimu umepamba moto, nikajitia kurusha nyuma ya mgongo, chupa ikagonga ukingo wa kaunta vigae vikaingia kwenye sinki la barafu. Kioo ndani ya barafu hukioni kabisa. Tukaiyayusha yote kwa maji ya moto, tukaosha, tukafuta, tukajaza upya, wageni wamenuna, na chupa nikakatwa mshahara. Kwa hiyo usirushe juu ya barafu, na kikivunjika kitu karibu yake usichague chague, mwaga yote.

MASWALI

Kaka mie pombe sishiki, naweza kujifunza?
Unaweza sheikh. Chupa za sirapu nyingi zina shingo ndefu vile vile, rusha hizo, mgeni mchanganyie nanasi, ukwaju na ndimu.

Mie mikono midogo, chupa inaniteleza.
Dada, losheni umepaka? Osha mikono, kausha, kitambaa kikae kiunoni kila saa.

Siku ngapi nitajua?
Ile hatua ya 1 ukijitahidi kila siku wiki mbili tatu. Ya 2 mie ilinitesa zaidi.

Mgeni akitaka nirushe chupa iliyojaa?
Iliyojaa unaizungusha kidogo tu mkononi, haipandi juu. Akishikilia, chukua ile ya mazoezi umchezee hiyo, halafu kinywaji chake umimine kutoka chupa nyengine.